Ludo Ipigwe Marufuku Kabla Sijajulikana

Kwako Mama Mwenye Nyumba,

Shikamoo. Ni mimi mpangaji wako wa chumba cha mbele, karani wa ghala la rangi, yule uliyesema siku moja mbele ya watu kwamba wapangaji wote wangekuwa kama mimi ungelala usingizi mnono. Naomba maneno hayo uyaweke pembeni kidogo wakati unasoma.

KUHUSU: KUPIGA MARUFUKU MCHEZO WA LUDO

Mama, naandika nikiwa na akili timamu na nimeshakula. Naomba kwa heshima zote utoe amri ya kukomesha ludo inayochezwa kila Alhamisi jioni katika sebule yako. Naomba pia amri hiyo itoke kinywani mwako, isionekane imetoka kwangu. Wakikuuliza sababu, sema kelele. Sababu za kweli nimezipanga hapa chini, na ukishazisoma uichome barua.

Kwanza nikukumbushe. Fundi cherehani alipooa akahama, chumba cha mbele chenye dirisha linalotazama barabara kilibaki wazi. Tuliobaki wanne wote tulikitaka: mimi, Fundi Saa, Dada Muuguzi, na yule mwalimu wa udereva tunayemwita Spika kwa sababu hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi. Tukakupigia simu. Ukasema, "Malizaneni wenyewe, mimi presha niliyonayo inanitosha." Sikulaumu. Ila sisi ni watu wazima, miaka yetu ukiijumlisha inapita mia na sabini, na tulipokaa kutafuta njia ya kiungwana ya kumalizana, tukaona ni ludo. Alhamisi kumi. Mwenye ushindi mwingi achukue dirisha.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Ludo inawapa watu vyeo wasivyostahili. Spika aliandika sheria kumi na tisa akazibandika kwenye mlango wa friji. Kuna sheria kwamba dadu likianguka chini ya meza halihesabiwi, na aliyeliangusha aombe radhi akiwa amesimama. Hiyo sina shida nayo. Shida ni sheria ya nne: "Hesabu ikibishaniwa, Karani atahesabu upya, na neno lake ndilo la mwisho." Walisema nimehesabu makopo ya rangi miaka kumi na nne na halijapungua hata moja. Ni kweli. Kazini halijapungua hata moja. Wakanipigia makofi. Mama, mtu akishapigiwa makofi kwa uaminifu, nani tena wa kumchunga?

2. Ubao wenyewe una kasoro. Vijumba vyake ni vidogo, vimebanana, vinafanana. Alhamisi ya tatu nilirusha tano. Mdomo wangu ulihesabu tano, vizuri kabisa, kwa sauti ya kusoma risala. Mkono ukaenda sita. Kete yangu ikatua juu ya kete ya Dada Muuguzi, ikamla, akarudi mwanzo. Nilisubiri mtu aseme kitu. Nyuma yetu walikuwa wamesimama marafiki wa mtaani, wale ambao kwenye mpira wanaona kosa la refa kabla refa hajapuliza filimbi. Wote wakaruka juu, "Kaliwa! Kaliwa huyo!" Dada Muuguzi akanipiga kofi la begani, akasema, "Karani wewe una roho mbaya sana," huku anacheka. Alikuwa anatania. Waliotengeneza ubao huu hawakuwafikiria kabisa watu wa aina yangu.

3. Fundi Saa ana imani iliyopitiliza, na ludo ndiyo inayoikuza. Unajua kazi yake. Kutwa nzima kabana kioo cha kukuzia jichoni, anashika vigurudumu vidogo kuliko punje ya ufuta, kwenye kile chumba cha nyuma ambacho ukizima taa hujui kama ni mchana. Jioni macho yanamtoka machozi yenyewe. Alhamisi ya tano akasema mbele ya wote, "Kaka, mimi nitarusha, wewe nisogezee. Macho yameshaniaga."

Hapa Mama naomba unisome polepole. Nilimsogezea. Akirusha sita, nilimpeleka tano. Akirusha nne, nilimpeleka tatu. Sio kila mara, mimi sio mnyama. Ni pale tu alipokaribia kuingiza kete nyumbani, nikamwachia hatua moja nje ili anayekuja nyuma amle. Na kila nilipomaliza kumsogezea alisema, "Asante kaka." Izingatiwe kwamba mtu anayesema asante kila dakika anamvuruga mwenzake.

4. Ludo inawafundisha watu kushindwa vibaya. Tulimaliza hivi: mimi mara tano, Fundi Saa mara nne, Dada Muuguzi mara moja, Spika hakuna, anasema uongozi ulimchosha. Siku ya kuhama nilitegemea Fundi Saa atanuna. Kununa ni haki ya aliyeshindwa, na mimi nilikuwa nimejiandaa nayo, hata maneno ya kumtuliza nilishayapanga. Badala yake akaja kunibebea kitanda. Akashika upande mzito. Tulipokitua akasogea dirishani, akanyoosha mkono kwenye mwanga, akaugeuza juu, akaugeuza chini, kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Akasema, "Karani, huu ndio mwanga wa kazi huu. Hongera sana." Akaenda zake kuniletea godoro.

Sasa mtu akikufanyia hivyo, unalalaje kwenye hilo godoro?

5. Dirisha lenyewe silijui nilifanyie nini. Asubuhi natoka kabla jua halijakolea, narudi linazama. Mwanga unaingia, unakaa, unaondoka, mimi niko ghalani na makopo. Jumamosi ndiyo nipo, na Jumamosi Fundi Saa anatoa kimeza chake barazani, chini ya dirisha langu hasa, kufuata mwanga. Majuzi upepo ukabeba skrubu ya saa ya mteja. Watu watano, wapangaji na marafiki wa mtaani, tulipiga magoti kuitafuta, Spika akituelekeza kama yuko kwenye mzunguko wa magari: "Kushoto! Taratibu! Hapo hapo, usirudi nyuma!" Ni mimi niliyeiona. Fundi Saa akanikumbatia, akasema, "Bila wewe kaka ningefanyaje mimi?" Tangu siku hiyo nimefunga pazia. Kwa hiyo Mama, dirisha lako zuri kwa sasa halitumiwi na mtu yeyote.

Na kuna hili ambalo nilitaka kuliruka. Juzi tukiwa tunakunywa chai, Dada Muuguzi alimmulika Fundi Saa macho kwa kile kitochi chake. Hakutania kama kawaida yake. Alimwambia, "Kaka, hizi taa za ndani zinakumaliza. Usipopata mwanga wa maana, mwakani huioni hiyo skrubu hata uishike mkononi. Anza kufikiria kazi nyingine." Fundi Saa akauliza, "Kazi gani nyingine?" Spika akainuka kwenda kuosha kikombe chake. Mimi nilikoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka zamani.

6. Ludo inazuia watu kutubu. Usifikiri sijajaribu njia za halali. Nilimwambia Fundi Saa tubadilishane vyumba, mimi jua linanisumbua. Akaniletea kofia. Nikasema barabara ina kelele. Akaniletea pamba za masikio, akanionyesha na namna ya kuziweka. Nikasema, basi ndugu yangu, kichukue tu. Akasema, "Hapana kaka. Umeshinda kwa haki, mimi sichukui jasho la mtu." Spika naye, ambaye hakuitwa, akatokea jikoni kusema kwamba sheria ya kumi na mbili inakataza washindani kuoneana huruma. Unaona Mama? Mtu anataka kurudisha alichoiba, ludo imesimama mlangoni.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo.

Kwanza, ludo ikome. Wakihamia kwenye karata, karata zikome. Wakihamia kwenye drafti, hivyo hivyo. Meza ya sebuleni iondolewe, maana nawajua, ukiwanyang'anya ubao watachora kwa chaki juu ya meza. Sakafu nayo ifikirie. Ikiwezekana kila Alhamisi watu wakae vyumbani mwao, kila mmoja na ukuta wake.

Pili, utoe utaratibu mpya kwamba chumba chenye dirisha akae mtu mwenye kazi ya vitu vidogo. Usitaje saa. Sema "vitu vidogo" tu, halafu uache watu wajiangalie wenyewe.

Tatu, lawama zote zikuangukie wewe. Wewe ni mwenye nyumba, umezoea.

Nne, isijulikane kamwe. Najua unataka kuniuliza kwa nini nisiseme mwenyewe, mtu mzima na ndevu zangu. Mama, kazini ni makopo tu yanayonisubiri. Nikirudi nyumbani kuna watu watatu ambao wakibishana jambo lolote, iwe dadu, iwe tarehe, iwe idadi ya mayai kwenye friji, mmoja wao anasema, "Muulizeni Karani." Basi wananyamaza wote wananisubiri mimi. Hicho ndicho nilichonacho. Nikisema, kesho wataulizana wenyewe kwa wenyewe, na mimi nikiwa nimekaa palepale.

Nisalimie Baba Mwenye Nyumba, wanao, wajukuu, dada yako anayeumwa mguu, na yule fundi bomba aliyeahidi kuja Jumatatu bila kututajia ya mwaka gani. Waambie tuko wazima na bomba bado linavuja.

Natanguliza shukrani, na aibu nimeiambatanisha humu humu.

Mimi mpangaji wako mtiifu kwa upande wa kodi,
Karani, chumba cha mbele (kwa sasa)

N.B. Mama, barua hii ilikaa mfukoni kwangu siku mbili nikitafuta bahasha, Alhamisi ikanikuta nayo. Walikuwa wanapanga kete kwa ajili ya msimu mpya, wa kugombea kona ya kuwekea chakula ndani ya friji safari hii, na Fundi Saa akasema tu, "Kaka, sogea basi, unisogezee." Sijui kilichonipata. Nikawaambia wote, nikiwa nimesimama, na dadu mkononi.

Dada Muuguzi alitoka nje akabamiza mlango. Spika alienda kwenye friji akasoma sheria zote kumi na tisa, akizifuata kwa kidole, akarudi akasema hakuna inayohusu jambo hili. Fundi Saa akaniuliza kwa jumla nilimpunguzia hatua ngapi. Nikasema sijui. Akanitazama kwa yale macho yake mekundu, akasema, "Karani hujui?" Basi. Hilo tu.

Nikampa funguo za chumba. Akakataa. Amesema chumba hapewi na mtu, atakichukua mwenyewe. Alhamisi ijayo mchezo mmoja tu, mimi na yeye, dirisha likiwa katikati. Kete zake atasogeza Dada Muuguzi. Zangu atasogeza Spika. Mimi kazi yangu ni kurusha, halafu niweke mikono mezani waione.

Kwa hiyo naomba uyapuuze yote niliyoandika hapo juu. Ubao hauna kosa lolote, ni ubao mzuri kabisa. Usipige marufuku chochote kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, na kitanda changu kisiguswe. Nimefanya mazoezi ya kurusha tangu jana na sita zinakuja vizuri. Nataka nimshinde kwa haki, mchana kweupe, kisha nimwachie chumba kwa hiari yangu mwenyewe, wote wakiona.

Au nisimwachie. Nikishashinda ndipo nitajua.