Duara Jekundu kwenye Boksi la Mbwa

Jumatatu, 3 Juni
Mafuta hakuna mjini, teksi yangu imelala uani, na kukaa nyumbani kumenifunulia aibu: binti yangu hanijui. Sumaya, miezi kumi! Nikimbeba, kilio. Akitokea shemeji Rachid, fundi cherehani asiye na mtoto wala baiskeli, ananyoosha mikono na kucheka. Eti kwa kuwa alimshonea kidoli cha vitambaa, macho ya uzi. Macho ya uzi, jamani! Nitawaonyesha baba ni nani.

Jumanne, 4 Juni
Sokoni Gatumba kwa baiskeli, jua la kuua. Mchuuzi Birindwa anauza mbwa wa kuchezea, wa ajabu: macho ya kung'aa, kengele shingoni, anabweka. Kwenye boksi kuna duara jekundu, ndani uso wa mtoto na 0-3, mstari umekatiza. Birindwa kasema hajui maana yake, yeye anauza tu. Mimi ni dereva, alama nazijua. Duara jekundu lenye namba ni kikomo. Mstari ukikatiza, kikomo kimeisha. Yaani watoto wa miaka sifuri mpaka tatu, ruksa! Nikamnunua.

Mke wangu Waridi kaliangalia boksi, kasema apana, hapo wanakataza. Nikamuuliza nani mwenye permi ya udereva humu ndani. Akarudi jikoni. Safi!

Alhamisi, 6 Juni
Jicho la mbwa limeng'oka. Likaingia kooni mwa Sumaya. Mtoto akashindwa hata kulia, akabadilika rangi, na mimi nimesimama tu kama nguzo. Rachid ndiye aliyemlaza kifudifudi mkononi, kichwa chini, akampiga mgongoni mpaka likaruka nje.

Waridi hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alimwambia Rachid, mbele yangu, kwamba yeye ndiye mutu wa kuachiwa mutoto. Imeniuma kuliko kofi. Lakini nani alimzoesha kutafuna macho? Si huyo huyo fundi! Mtoto kadhani macho yote ni uzi.

Jumamosi, 8 Juni
Nimerudisha jicho kwa gundi ya tairi. Mama mkwe kalivuta kwa vidole viwili, likambakia mkononi. Akauliza kama breki za teksi nazo nazitengeneza hivyo. Rachid alicheka mpaka akakaa chini. Mbwa katupwa. Nyumba yangu mwenyewe, na sina hata wa kunisalimia!

Jumapili, 9 Juni
Nimeketi mkekani, mikono mitupu, sitaki kuona mtu. Sumaya akatambaa, mwenyewe, mpaka kwangu. Akapanda pajani, akashika kidole changu, akakitafuna huku akiimba maneno yake. Rachid alipotaka kumchukua, akapiga kelele na kuning'ang'ania shati. Mimi! Machozi yamenitoka, sifichi.

Maskini mwanangu. Hana kitu cha maana cha kuchezea, mpaka anahangaika na kidole cha baba yake. Kesho alfajiri Gatumba. Nasikia imeingia treni ya vipande mia, vidogo vidogo, vyote vinang'aa.