Gwaride la Kumleta Medina Nyumbani

Jumatatu, 6 Agosti 1973. Kaya, upande wa Sudan.

Nimefika salama. Mimi Kaltumu wa Koboko, darasa la tatu sikumaliza, leo ni mwalimu wa Kiingereza katika nchi ya watu. Wa kujitolea. Nilimwambia chifu sitaki kitu chochote, akanishukuru mbele ya wazee.

Ninachotaka ni binti yangu. Medina ameingia mwezi wa tisa, na mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa msichana. Kwetu hata mtoto mdogo anajua. Lakini mama mkwe wake, Hawah Poni, amekataa kumtoa. Amesema mjukuu wake hatazaliwa ng'ambo ya mto, kwetu Uganda. Nami siwezi kwenda tu kukaa kwao, kula na kulala machoni pa mume wa mwanangu. Aibu hiyo haifutiki. Mwalimu ni kitu kingine. Mwalimu analala kwa chifu, na binti yangu atanifuata mwenyewe darasani.

Tangu vita viishe, watu wa hapa wanakitafuta Kiingereza kila mahali. Hawakuuliza nimesoma wapi. Mtu wa Uganda, wanasema, anajua tu.

Jumanne, 7 Agosti.

Wanafunzi kumi na wanane, wanawake watupu. Medina mstari wa mbele, tumbo kama mtungi. Na ubavuni mwake nani? Hawah Poni, na kalamu sikioni. Eti naye anataka kusoma. Anamlinda mateka wake, nimemwona.

Nimefundisha Kiingereza changu chote, ambacho si kidogo. Miaka kumi na miwili niliishi kambini Jinja na mume wangu Tahiru, sajini. Maafisa wa Kizungu niliwasikia kila asubuhi. Atensheni. Standi at izi. Lefti, raiti. Kwiki machi. Abauti tani. Sikuwahi kuwasikia wakisema jambo jingine, basi ndiyo lugha yenyewe. Na haisemwi mtu akiwa amekaa. Nikawasimamisha wote.

Mama mmoja akauliza chumvi kwa Kiingereza inaitwaje. Nikamwambia hayo ni ya darasa la juu.

Hawah Poni anashika haraka kuliko wote. Imeniudhi.

Jumatano, 8 Agosti.

Mpango nimeupata nikichambua kunde jikoni kwa mke wa chifu. Karibu nimwage ungo.

Ijumaa somo litakuwa la nje. Tutatoka kwa mstari mmoja, lefti raiti, hadi mtoni. Medina atatangulia. Tukifika ukingoni nitaita abauti tani. Wote watageuka kuangalia Kaya, isipokuwa Medina. Yeye ataendelea mbele, avuke daraja la magogo, aingie Uganda. Huko atakuta shemeji yangu Adrabo, nimeshamtumia habari, na lori lake la tumbaku. Hawah Poni hatageuza shingo kabla ya amri. Yeye ni mwanafunzi bora, na hapo ndipo nitampata.

Nikamnong'oneza Medina. Akasema, "Mama, mimi hata kiatu sijifungi." Nikamwambia kutembea kunamshusha mtoto vizuri. Akasema sawa mama. Ile sawa mama yake, tangu utotoni, huwa si sawa.

Lakini lazima. Huyu Medina nilimzaa Jinja, mbali na mama yangu, nimeshika mguu wa kitanda. Niliushika kwa nguvu zote, wenyewe haukunishika. Niliapa siku ile kwamba wanangu hawatazaa hivyo.

Ijumaa, 10 Agosti.

Mvua tangu alfajiri, ile ya kulala nayo. Chifu akasema leo hakuna darasa. Nikamjibu kwamba Kiingereza kinatoka nchi ya mvua, kwa hiyo leo ndiyo siku yake hasa. Wanawake wakaja, majani ya ndizi vichwani.

Kwenye ukumbi wa mabati tunamosomea, sauti ya mtu wa kawaida haisikiki. Yangu ilisikika. Kiingereza kimetengenezwa kwa mvua, sasa nimeamini.

Mara habari: daraja la magogo limekwenda na maji. Adrabo ameonekana ng'ambo, juu ya lori lake, anapunga mkono kama mtu wa harusi. Nikasema hakuna neno, maji yatapungua. Nikawazungusha humo humo ndani, ukuta kwa ukuta, ili miguu ya Medina isipoe.

Mzunguko wa tatu Medina akasimama. Nikaita lefti. Hakuinua mguu. Nikaona maji miguuni pake, nikatazama juu.

Hawah Poni akaniambia, "Mwalimu, hapana angalia paa. Maji iko inatoka kwa mtoto wako."

Akili ikaniruka. Mimi niliyepanga mpaka lori, nikabaki nimeshika chaki. Hawah Poni akatupa kalamu, akatandika shuka lake, akawapanga wale kumi na sita safu mbili, migongo kwa Medina, mashuka yameinuliwa. Atensheni, akawaambia. Hakuna aliyepepesa jicho.

Hapo mlango ukafunguka. Bwana Natale, mkaguzi wa shule, amelowa chapachapa, gari lake limekwama kwenye tope. Akasema amekuja kusikiliza somo na akapiga hatua moja ndani. Hawah Poni hata hakuinua kichwa. "Abauti tani," akanguruma. "Kwiki machi."

Bwana Natale alipigana msituni miaka mingi. Kisigino kiligeuka chenyewe. Alirudi mvuani, lefti raiti, mpaka jikoni kwa chifu.

Medina alinishika mkono hadi vidole vikafa ganzi. Hakuniuliza tuko nchi gani. Nami nilimshika.

Ni msichana. Kilio chake kilishinda mabati. Hawah Poni akamfuta, akanipa mimi kwanza. Alisema mikono yake inatetemeka, mkwe, mshike wewe. Mikono yake haikuwa inatetemeka.

Jumapili, 12 Agosti.

Hawah Poni amemhamisha mwanawe Sule, mume wa Medina, akalale kwa baba yake mdogo siku zote arobaini, ili mimi niingie nyumba ile bila aibu, nimkande Medina kwa maji ya moto na kumpikia uji. Sikumwomba. Asubuhi nzima nimetafuta ubaya katika jambo hili, nikaukosa.

Nikaona haya, nikamweleza yote: mto, lori, abauti tani. Akacheka mpaka akashika mbavu. Kumbe Medina alimwambia siku ile ile ya Jumatano. Hawah Poni alisema alikuwa amejiandaa kugeuka mara mbili, ya pili kumfuata Medina.

Tumekula sahani moja. Nimemwahidi, mbele ya mtoto, kwamba mipango imekwisha.

Jumanne, 14 Agosti.

Bwana Natale amekuja tena, amekauka. Alisema hicho si Kiingereza cha vitabu, na mwalimu wa vitabu atakuja Januari. Lakini hajaona mahali pengine wanawake wanaofika darasani kwenye mvua ya namna ile, basi niendelee mpaka hapo. Mimi nilisikia niendelee.

Darasa bila mtihani si darasa. Kwa hiyo nimetangaza mtihani, siku moja baada ya arobaini, nyumbani kwangu Koboko, kwa kuwa Kiingereza kiko Uganda. Utachukua wiki mbili. Wenye watoto waje na watoto. Atakayekosa swali la kwanza atarudi Kaya siku hiyo hiyo. Sheria ni sheria, nimeitunga leo.

Huu si mpango. Ni elimu.

Medina ametia jina, kwa ile sawa mama yake. Lakini wa kwanza kujiandikisha ni Hawah Poni, na amesema mjukuu atambeba yeye mwenyewe mgongoni, kwenda na kurudi.

Maswali yake nayaandika kando, na lile la kwanza ni la darasa la juu.