Tume ya Uadilifu wa Kiatu cha Shaba

Wananchi wote wa Kaunti ya Choctahee, jimbo la Alabama, walitangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu ubishi umepigwa marufuku, na badala yake kutakuwa na mchakato.

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa mahakama, mlango wa kanisa la Kibatisti, na mlango wa choo cha wanaume pale mgahawani kwa Bi Odessa Pickens, maana huko ndiko wadau wengi hupita. Lilisainiwa na Kamishna Verlon Stubblefield kwa mkono wake mwenyewe. Lilisema kwamba, kwa kuwa imebainika baadhi ya watu, tena wakiwa na chakula mdomoni, wanadai Kiatu cha Shaba hakitolewi kwa haki. Na kwa kuwa madai hayo yanavuruga usagaji wa chakula na heshima ya taifa. Basi imeundwa Tume ya Uadilifu, itakayochunguza jambo hili kwa kina, kwa uwazi, na kabla ya Krismasi.

Kiatu cha Shaba ndiyo ile tuzo anayopewa kila Desemba mchezaji bora kuliko wote wa mpira wa vyuo, ule wa Kimarekani wa kurushwa na kubebwa mikononi, nchi nzima. Wapiga kura ni mia saba. Choctahee nzima ina mpiga kura mmoja tu, naye ni Verlon.

Kura hiyo aliipata zamani, alipokuwa akisoma matokeo ya mechi kwenye redio ya kaunti. Aliyasoma kwa miezi kumi na moja, kisha redio ikafa. Kura haikufa. Kila mwaka ilimfikia kwa posta, na kila mwaka Verlon alizidi kunenepa heshima. Ukamishna watu walimpa na wangeweza kumnyang'anya uchaguzi ujao. Kura ilikuwa kitu kingine. Kwa sababu ya kura, wanawake wa kanisani walimletea pai ya karanga za pekani. Kwa sababu ya kura, wazee waliinuka kumpisha kwenye foleni ya kinyozi. Mke wake aliwahi kusema kwamba Verlon bila kura ni mtu mrefu tu. Alisema kwa utani, lakini Verlon hakucheka, kwa sababu alishalifikiria hilo mwenyewe.

Ubishi wenyewe ulianza siku ya Alhamisi, wakati wa kifungua kinywa. Bi Odessa alikuwa anamimina kahawa huku akisema, kama anayejisemea, kwamba miaka ishirini sasa Kiatu wanapewa warushaji tu. Anayemlinda mrushaji asivunjwe mbavu, alisema, hata jina lake halijulikani mpaka siku atakayokosea. Akamtaja Ezekiel Mabry wa Chuo cha Zambarau, kijana wa ratili mia tatu na kumi anayesimama mstari wa mbele, ambaye msimu mzima hajaruhusu mrushaji wake aguswe hata na upepo.

Hollis Crenshaw, mwenye nyumba ya mazishi na shabiki wa Chuo cha Kijani tangu tumboni, akaweka uma chini. Alisema mzuiaji hana takwimu. Hafungi, harushi, habebi mpira. Utampaje tuzo mtu ambaye kazi yake ni kusimama njiani?

"Na wewe kazi yako ni kufukia watu," Bi Odessa akasema, "lakini Jumapili si tunakupa kiti cha mbele?"

Watu wakacheka. Verlon naye akacheka, kwa kipimo kinacholingana na cheo. Ndipo Bi Odessa akamgeukia na birika mkononi.

"Tuna mwenye kura hapa, kwani tunabishana nini. Bwana Verlon, hebu tuambie. Msimu huu umeangalia mechi ngapi, kuanzia mwanzo hadi mwisho?"

Verlon akajibu kwamba kura ni siri. Bi Odessa akasema hajauliza kura, ameuliza mechi. Verlon akasema mechi ni sehemu ya kura. Akamaliza kahawa ambayo ilikuwa bado inaungua, akatoka na ulimi umebabuka, na kabla hajafika ofisini alikuwa ameshaunda tume.

Ni vizuri ieleweke kwamba Verlon alikuwa na utaratibu wake wa kupiga kura, tena wa kitaalamu. Kila Agosti vyuo huwapelekea wapiga kura vifurushi vya kumnadi mchezaji wao: picha kubwa, kalenda, vitabu vya takwimu. Verlon alivipanga juu ya meza ya chakula, akaipapasa karatasi ya kila kimoja kwa kidole gumba. Mwenye karatasi nzito zaidi ndiye aliyempa kura. Chuo kisichojali karatasi, alijiambia, kitajalije mchezaji? Kuhusu kuangalia mechi, aliangalia. Alikaa kwenye kiti chake cha kulalia, mpira ukapigwa, wimbo wa chuo ukaimbwa, na baada ya hapo alikuwa akiamshwa na mke wake na kuulizwa kama anataka kwenda kitandani. Mwaka huu karatasi nzito kuliko zote ilikuwa ya mrushaji mmoja wa Oregon, Brantley Sewell. Picha yake ilikuja ndani ya sanduku la mbao. Upigaji kura ulipofunguliwa, Verlon alikuwa wa kwanza kutuma ya kwake, kwa ajili ya ufanisi.

Tume ilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti, Verlon. Mjumbe, Hollis Crenshaw, kwa vile hakuna anayethubutu kumkatalia mtu atakayemzika. Katibu, Bi Wynette Tarpley wa ofisi ya kaunti, ambaye ndani ya miaka ishirini na sita hajawahi kupoteza karatasi wala kutoa maoni.

Kikao cha kwanza kilitumika kuamua kikao cha pili kiwe lini. Halikuwa jambo jepesi. Jumamosi ni siku ya mechi, na Choctahee Jumamosi ya mechi watu hawaoi wala hawaziki. Marehemu mwenyewe angenuna. Ijumaa wanasafiri kwenda kwenye mechi. Jumapili wanatubu waliyosema kwenye mechi. Ikaamuliwa Jumanne.

Kikao cha pili, Verlon aliwasilisha chombo chake alichokipenda kuliko vyote, Maswali Kumi ya Uadilifu. Yeyote atakayesema neno kuhusu Kiatu cha Shaba lazima kwanza ayajibu. Ni mechi ipi ya mwisho umeiangalia hadi kipenga? Nani alishinda? Taja wachezaji wanne bora wa nje ya kusini. Na kadhalika. Shabaha yake ilikuwa nyepesi: Bi Odessa ana mgahawa, ana mayai ya kukaanga kuanzia alfajiri, mechi za kule magharibi, ambazo kwa saa za huku huisha usiku wa manane, ataziangalia saa ngapi? Ataanguka swali la kwanza, mji utacheka, na mambo ya kuulizana mechi ngapi yataishia hapo. Hollis akauliza kama maswali hayo yatamhusu kila mtu. Verlon, akiwa ameshanogewa, akamwambia katibu aandike: kila mtu, bila kujali cheo. Akaongeza kwamba kumbukumbu za kikao cha maswali, Jumanne inayofuata, zitumwe siku hiyohiyo kwa wasimamizi wa tuzo, ili nchi ijifunze kwa Choctahee.

Bi Wynette akaandika.

Jumanne hiyo ya maswali ilipofika, ukumbi wa mahakama ulijaa hadi kwenye ngazi. Upande wa kushoto walikaa wa Zambarau, kulia wa Kijani, na katikati familia tatu zilizooana kwa makosa. Mtu alikuja na ndoo ya njugu za kuchemsha. Verlon alivaa suti ya mazishi na kufungua kikao kwa hotuba ya dakika arobaini kuhusu umuhimu wa kuokoa muda.

Kisha akamwita Bi Odessa Pickens. Alikuja na aproni yake, kwa kuwa alikuwa ameacha kuku kwenye mafuta.

Swali la kwanza akajibu. La pili akajibu, na akataja idadi ya pointi. La tatu akajibu, na akamkumbusha Hollis kitu fulani kilichowapata Kijani mwezi wa kumi, mpaka upande wa kulia ukaanza kukohoa. Mechi za magharibi aliziangalia zote. Alieleza kwamba tangu mumewe afariki usingizi haumshiki, basi huwasha televisheni ya mgahawani na kumenya viazi vya kesho. Alisema hivyo bila huzuni, kama anayetaja mahali anaponunua unga. Verlon akahisi jambo limeanza kumponyoka, akaharakisha kwenda swali la sita. Wachezaji wanne bora wa nje ya kusini.

Bi Odessa akataja wanne, kila mmoja na chuo chake, na namna anavyokimbia.

Hapo Verlon akaliona tundu. Akavua miwani taratibu, kama alivyowahi kuwaona mawakili wakifanya.

"Bi Odessa. Umemwacha Brantley Sewell."

"Sewell yupi?"

"Wa Oregon. Mrushaji. Sisi tunaofuatilia tunamjua. Jumamosi iliyopita tu alikuwa moto wa kuotea mbali."

Bi Odessa alimtazama kwa muda, jinsi unavyomtazama mteja aliyeagiza kitu ambacho hakipo kwenye orodha.

"Bwana Kamishna," akasema, polepole na kwa upole, "Jumamosi iliyopita Brantley Sewell alikuwa amekalia kiti pembeni ya uwanja na mguu wake umo kwenye plasta. Alivunjika mechi ya pili. Tangu Septemba hajagusa mpira, maskini wa Mungu."

Mtu wa nyuma akaacha kutafuna njugu. Verlon akasema kwamba alikuwa anazungumzia moto wa kiroho, uongozi wa mfano, athari ya mchezaji hata akiwa hayupo. Hollis Crenshaw akainua kidole. Hollis alikuwa shabiki wa Kijani na hakumpenda Mabry hata kidogo, lakini ni mtu wa taaluma, na maiti akiiona anaijua.

"Mwenyekiti, swali la kwanza. Mechi gani umeangalia hadi kipenga?"

Verlon akafafanua kwamba mwenyekiti si shahidi. Hollis akamwomba katibu asome kanuni. Bi Wynette akasoma kwa sauti ileile anayosomea matangazo ya mabomba ya maji: kila mtu, bila kujali cheo.

"Niliangalia ile ya Zambarau," Verlon akasema.

"Ipi?"

"Ile kubwa."

"Nani alishinda?"

Verlon akautazama ukumbi. Kulia walikuwa wanatabasamu, kushoto nao wanatabasamu, na hilo lilikuwa halijawahi kutokea Choctahee tangu vyuo viwili vijengwe. Akajibu kwamba mshindi wa kweli alikuwa mchezo wenyewe. Bi Wynette akaandika hilo nalo. Bi Odessa akaomba ruhusa akageuze kuku.

Jioni ileile kumbukumbu zikatumwa kwa wasimamizi wa tuzo, kwa mujibu wa agizo la mwenyekiti. Verlon aliomba karatasi irudishwe kwa marekebisho madogo ya lugha. Bi Wynette alisikitika kumjulisha kwamba yeye hajawahi kuchelewesha karatasi, na asingependa kuanzia kwa bosi wake.

Jibu likaja baada ya wiki tatu. Wasimamizi waliishukuru Choctahee kwa kazi ya mfano. Waliyapokea Maswali Kumi na kuyafanya sharti kwa wapiga kura wote mia saba. Kwa heshima ya mwanzilishi, walimwomba Kamishna Stubblefield awe wa kwanza kuyajibu, chini ya kiapo, na kurudisha fomu. Verlon alipata mawili. Moja lilikuwa jina lake.

Kura ikahamishwa kwa Bi Odessa Pickens, ambaye alipata kumi na kurekebisha swali la saba lililokuwa limekosewa.

Mji haukumsema vibaya Verlon. Ulifanya kitu kibaya zaidi, uliendelea na shughuli zake. Kwa kinyozi alisubiri zamu. Kanisani hakuletewa hata kipande cha pai, na mke wake, mwanamke mwenye utu, hakusema lolote kuhusu urefu.

Msimu uliofuata, uchaguzi wa ukamishna ukiwa umekaribia, wa Zambarau walimwendea Verlon na kumwambia kwamba wakati wa kuwatumikia umefika: akamwombee Mabry kura kwa Bi Odessa, ambaye tangu apewe kura hamwambii mtu atampa nani. Kama atashindwa hata hilo, basi wao wanaye mtu mwingine wa ukamishna.

Alikwenda Jumamosi mchana. Alivua kofia mlangoni, akasimama pembeni mpaka wateja waliomtangulia wahudumiwe, kisha akaanza kueleza kwamba wadau, baada ya tafakari ya kina, wanapendekeza jina la Ezekiel Mabry.

Bi Odessa alikuwa anafuta meza. "Umemwona akicheza?"

"Nasikia ni mzuri sana."

"Haya. Mechi yao inaanza saa nane u nusu. Kiti kile pale, keti. Ukiona mpaka kipenga cha mwisho, utaniambia mwenyewe alivyocheza, na mimi nitakusikiliza."

Verlon akaketi. Mpira ukapigwa, wimbo wa chuo ukaimbwa, na robo ya kwanza ilikuwa haijaisha kidevu cha kamishna kikaanza kuteremka kifuani. Bi Odessa, bila kuondoa macho kwenye televisheni, akamwambia Hollis, aliyekuwa akila meza ya jirani, amkanyage.

Hollis akamkanyaga mguu, kwa niaba ya taifa.