Arobaini na Saba ya Mzee Gicheru

Jumatatu, 4 Julai 1983
Watu wa bima wametuma nambari mpya za matibabu ya kifua. Za zamani hazitalipwa tena. Mzee Simeon, karani mkuu wa kliniki yetu, anastaafu, na Daktari Wamae amesema kati yangu na Tryphosa, atakayezielewa vizuri ndiye atakayeshika nafasi yake. Kijitabu ni kimoja. Nimekibeba nyumbani, kukiepusha na vumbi. Tryphosa aliponiuliza nikamwambia nadhani kiko kwa Simeon. Simeon haoni vizuri, atakitafuta wiki nzima. Nimesoma ukurasa wa kwanza. Kazi rahisi.

Jumanne, 5 Julai
Mzee Gicheru wa Giakanja alikuja kutolewa maji kifuani. Nikamsomea nambari yake kwa sauti, Tryphosa asikie: arobaini na saba. Mzee akavaa koti. Akasema saba haitajwi juu ya mgonjwa, ati hakutoka Giakanja kuja kulaaniwa. Hata mama yangu huiogopa saba, nilipaswa kukumbuka. Mzee alikuwa akihema vibaya, lakini mlango aliuona, akauelekea. Hapo akili yangu ikafanya kazi. Nikafuta saba, nikaandika nane. Akavua koti, akatibiwa. Daktari akanipongeza mbele ya watu. Tryphosa akaangalia dirishani. Nimefurahi kupita kiasi.

Jumatano, 6 Julai
Baridi imezidi, foleni ni ya kukohoa tu. Wazee wote wamesikia habari za nane, hakuna anayetaka nyingine. Nimewapa. Tryphosa akauliza, kwa upole wake ule unaoudhi, hiyo nane kitabuni ni ya nini. Nikamwambia wivu hautamsaidia. Kusema kweli sijafika ukurasa huo.

Ijumaa, 8 Julai
Bima wamerudisha madai yote. Arobaini na nane ni ya mtoto mchanga aliyezaliwa bila kulia. Kwa hivyo Mzee Gicheru alizaliwa kwetu Jumanne, na wanauliza jina la mama yake. Daktari hakufoka. Afadhali angefoka. Mzee aliporudi kukaguliwa, Tryphosa akamwamkia vizuri, akamwambia nambari yake ni arobaini na sita, na moja juu. Mzee akacheka, akasema huyu binti wa Kisumu anahesabu kama nyanya wa Giakanja. Kwenye karatasi Tryphosa akaandika saba, na bima wakaikubali. Karani mkuu ni yeye. Nimeumia. Hata chai sikuimaliza.

Jumatatu, 11 Julai
Tryphosa hana kinyongo. Amenipa kiti cha Simeon, kile chenye mto. Leo mtu wa bima alipita Tryphosa akiwa ameenda kuchemsha maji, akaniachia nambari mpya za meno. Kijitabu ni kimoja. Kiko chini ya godoro langu, mbali na vumbi. Nambari ya kung'oa gego inaishia na saba. Nadhani tisa itawapendeza wazee.