Printa Iliyotangazwa Maiti

Faraji wa Kongowe alikwenda Kisarawe kununua simu mbovu kwa bei ya kutupa. Sebuleni kwa Bi Hajira akaona kitu kilichomfanya amshukuru Mola kabla hajakigusa: kando ya kompyuta, printa mpya imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mwali wa ndani.

"Shikamoo bibi. Hii vipi?"

"Marahaba mwanangu. Wiki nzima haijatema hata nukta. Mjukuu wangu Maulida anaolewa, na kadi za mchango sitini nazigawa kesho Ijumaa baada ya swala. Nikichelewa, watu watakuwa wameshamaliza mifuko kwenye harusi za wenzetu."

Faraji akaigonga printa mara mbili, akaiwekea sikio. Daktari wa kweli angeona wivu.

"Pole bibi. Imefariki."

"Hata mwezi haina."

"Za bei rahisi hufa changa. Shika elfu kumi, niondoke na maiti."

Bi Hajira aliifunga noti kwenye pindo la khanga. "Ngoja kwanza chai. Mgeni wa msiba haondoki na njaa."

Alipoingia jikoni tu, Faraji akampigia Hashiru, mwenye duka Visiga. Hashiru akakubali laki na nusu, akatuma elfu hamsini ya kishika uchumba. Ikabaki kuijaribu. Ugonjwa aliujua tangu mlangoni: kompyuta ilikosa programu ya kuongea na printa, na programu hiyo inagawiwa bure mtandaoni. Akaishusha kwa simu ya bibi iliyokuwa mezani, akaiweka kwenye kompyuta. Bando la mfiwa, lakini maiti ilikuwa ya kwake.

Printa ikakohoa. Ikatoa kadi. Ikatoa nyingine.

Asichokijua Faraji ni kwamba kila alfajiri, akimaliza kuswali, Bi Hajira aliiagiza kompyuta ichape kadi kumi. Alifanya kama mtu anayepiga hodi: isipoitikiwa, hagombi, anakwenda kumenya mihogo yake. Hodi sita zilikuwa zimepanga foleni humo ndani, zikingoja mlango ufunguliwe.

Faraji aliushika waya auchomoe. Bi Hajira alikuwa amesimama na sinia la chai.

"Kumbe maiti anachapa."

"Ni... pumzi za mwisho, bibi."

"Basi tumwache amalize wasia."

Wakanywa chai mpaka kadi ya sitini.

"Na ufundi wangu je, bibi?"

"Ufundi gani? Wewe si ulikuja kuzika?"

"Basi nirudishie elfu kumi yangu."

Bi Hajira akavaa miwani, akachukua kadi ya juu, akaandika taratibu, herufi kwa herufi: Bwana Faraji, Kongowe. Amechangia elfu kumi.

"Wewe ndiye wa kwanza. Kesho wakiona mpita njia katoa kumi, ndugu gani atanipa tano?"

Faraji alifika njiani, kadi mkononi, simu ikaita. Alikuwa Hashiru.

"Uko wapi na printa? Nimeshaifutia meza."

Faraji akaitazama kadi.

"Hashiru ndugu yangu," akasema, "hivi wewe pilau unapenda?"