Fundi Mstaafu Anataka Kazi Yangu

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeanza maisha mapya! Nimefungua blogu. Inaitwa Kona ya Mtaalamu. Mtaalamu ni mimi.

Sababu yenyewe ni hii: Bosi anafungua tawi jipya la duka letu la rangi, upande wa pili wa mji, na anatafuta mtu wa kulisimamia. Wenye matumaini ni wawili. Mimi, ninayechanganya rangi tangu duka lilipofunguliwa, na Bwana Tai wa kaunta, ambaye hajui tofauti ya rangi ya maji na rangi ya mafuta lakini anajua kufunga tai. Tai! Ndani ya duka la rangi! Na haijawahi kupata hata doa moja. Mtu wa namna hiyo hafanyi kazi.

Bosi ni mama wa mambo ya kisasa. Kikaoni alisema kwamba siku hizi mfanyakazi asiyejulikana mtandaoni ni sawa na asiyekuwepo. Bwana Tai akatikisa kichwa kukubali, ndiyo kazi anayoiweza. Mimi nikaenda kutenda.

Makala ya kwanza nimeipa jina "Siri za Rangi Ambazo Hujawahi Kuambiwa." Juu yake nimeweka picha yangu nimekunja mikono. Mke wangu kauliza mbona nimenuna. Nikamweleza kwamba huo ndio uso wa uongozi. Akasema basi uongozi unaniuma tumbo.

Jumanne, 5 Machi

Hakuna aliyesoma. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alisoma nusu akasinzia na miwani usoni.

Nimefikiri asubuhi nzima huku nachanganya kijani cha mteja (kimetoka bluu, amekikubali). Mwishowe nikang'amua. Mtu akisifiwa, watu wanapita. Watu wawili wakibishana, watu wanavuta viti! Ninachohitaji ni mpinzani. Lakini mpinzani wa kweli anaweza kunishinda, kwa hiyo nimeamua kujitengenezea wangu.

Amezaliwa saa ya chakula, stoo, nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya rangi nyeupe. Anaitwa Fundi Mstaafu. Mzee wa watu, amepaka majumba tangu ujanani. Atanipinga kidogo, nitamjibu kitaalamu, umati utashangilia, Bosi ataona. Raha iliyoje!

Nikaandika kwa jina langu kwamba mtaalamu wa kweli hasubiri plasta ikauke: anapaka leo, watu wanahamia kesho. Si kweli hata kidogo, lakini inasikika vizuri. Kisha Fundi Mstaafu akaja pale kwenye maoni, taratibu. Mwanangu, akasema, bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, kitazame kesho yake. Ukikuta jasho kwa ndani, ukuta bado mbichi. Ukipaka, rangi itavimba na kubanduka.

Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya kale. Nimemnyamazisha kabisa.

Jumatano, 6 Machi

Wamefurika! Mafundi, wenye nyumba, wapangaji, hata mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani. Wote wako upande wa Fundi Mstaafu. Wananiambia niwe na adabu kwa mzee.

Mke wangu naye kasoma. Kasema yule mzee ana akili zake timamu, na kama ninataka cheo basi nikae chini nijifunze kwake. Mama mkwe ameomba nimsomee yale maneno ya nailoni mara ya pili. Eti hivyo ndivyo wanaume walivyokuwa wakiongea zamani. Tangu nimuoe bintiye, mama huyu hajawahi kuomba nirudie neno lolote. Nimemsomea, roho inaniuma.

Kisha nikamshambulia Fundi Mstaafu vikali. Nimemwita mzee mpumbavu aliyepitwa na wakati. Taabu ni kwamba kila nikikaa kumwandikia yeye jibu, maneno yanakuja yenyewe, matamu, mepesi. Nikijiandikia mimi natoka kijasho. Ningeweza kumwandikia ovyo ili nishinde, lakini ubaya huo siuwezi. Mzee mwenyewe hajanikosea kitu.

Ijumaa, 8 Machi

Bosi kaniita ofisini! Nikapangusa rangi vidoleni, nikavuta kola, nikapita mbele ya Bwana Tai polepole ili anione vizuri.

Bosi anasoma blogu yangu. Ndiyo, anaisoma! Juzi jioni alibandika nailoni kwenye ukuta wa tawi jipya, na jana asubuhi akaikuta imelowa jasho. Wapakaji walikuwa wameshafungua makopo. Akawasimamisha pale pale. Jengo zima limepona. Nikaanza kutabasamu kwa unyenyekevu, nikitafuta maneno ya kupokea cheo.

"Nitafutie huyo Fundi Mstaafu," akasema. "Nadhani nimempata msimamizi wangu."

Nilitoka mle sijui natembea au naelea. Kazi yangu! Niliyoililia! Anapewa mtu niliyemzaa mwenyewe juu ya ndoo! Nilitaka kurudi niseme ukweli, lakini ningeanzia wapi? Kwamba nimekuwa nikitukanana na mimi mwenyewe mbele ya umma, na nimeshindwa?

Jumapili, 10 Machi

Mpango mpya, na ni mzuri mno. Fundi Mstaafu ameandika kwamba anamshukuru sana Bosi, lakini miguu haimruhusu, na kazi kama hiyo inawafaa vijana waliopo dukani, hasa wale wanaochanganya rangi. Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuchungulia.

Jioni Bosi kajibu. Unyenyekevu wa mzee umemgusa. Hapo ndipo alipojua kwamba huyu ndiye hasa. Kuhusu miguu mzee asiwe na wasiwasi, atatumiwa gari kila asubuhi na atawekewa kiti chenye mto.

Mimi sijawahi kupewa hata kiti. Nakaa kwenye ndoo.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemuua.

Sikuwa na njia nyingine. Marehemu hawezi kupelekewa gari. Nimeandika kwa ufupi na kwa heshima kwamba Fundi Mstaafu ametutoka ghafla usingizini, bila maumivu, na kwamba amezikwa mbali na mji, kwa wosia wake mwenyewe, bila shughuli. Nimepanga kila kitu. Hapana aliyebaki kwenye kinyang'anyiro ila mimi na Tai. Nimelala mchana kama mtoto mchanga.

Jumanne, 12 Machi

Balaa. Mama mkwe amegoma kula. Anasema watu wa maana wanaondoka na tunaachiwa wa aina fulani. Hakusema aina gani, ila alikuwa ananitazama.

Dukani Bosi kasimamisha kazi, tukasimama kimya katikati ya makopo. Mwalimu wa hesabu alikuja akiwa amevaa nyeusi. Bwana Tai ameandika rambirambi kwenye blogu yangu, ndefu, eti mzee ameacha pengo lisilozibika! Mtu ambaye hajawahi hata kushika brashi! Watu wamezipenda kuliko makala zangu zote pamoja.

Na nitaandika jambo hili hapa tu, asilione mtu: wakati tumesimama kimya, machozi yalinitoka. Ya kweli. Alikuwa mzee mzuri.

Jumatano, 13 Machi

Bosi ametangaza. Tawi jipya litaitwa Tawi la Fundi Mstaafu. Na uongozi atapewa mtu aliyeishika kazi ya marehemu, mtu mwenye kuenzi mafunzo yake. Kama kuna aliyekuwa karibu na mzee, ajitokeze.

Karibu naye! Nani alikuwa karibu naye kuliko mimi? Damu ikanipanda kichwani. Nikasimama mbele ya wafanyakazi wote, wapakaji na wateja wawili watatu, mwalimu wa hesabu akiwemo, nikasema basi, yamekwisha, Fundi Mstaafu ni mimi. Yale ya nailoni ni yangu. Ya andakoti, ile rangi ya chini inayotangulia, ni yangu. Ya kusugua ukuta kabla ya kupaka ni yangu.

Kisha Bwana Tai akatoa simu yake, akairekebisha tai, akaanza kusoma. Akasoma nilivyoandika kwamba mtaalamu hasubiri plasta ikauke. Akasoma nilivyomwita mzee mpumbavu. Akauliza kwa upole, kwa upole uleule unaonichefua, kama kuna mtu duniani anaweza kujitukana hivyo akiwa na akili zake. Mmoja wa wapakaji akasema ni haramu kuiba maneno ya mtu aliyelala kaburini. Mwalimu wa hesabu akatikisa kichwa kwa huzuni.

Nikamwambia Bosi aniulize lolote, swali lolote la rangi, nitajibu. Akanitazama. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Mzee alikuita mwanangu," akasema. "Ungemsikiliza tu, leo tawi lingekuwa lako."

Nikarudi stoo. Ndipo nikagundua kwamba ningesema nilikuwa mwanafunzi wake, tungekuwa tunaongea mengine.

Ijumaa, 15 Machi

Bwana Tai ndiye msimamizi. Kwa sababu ya rambirambi! Bosi anasema mtu anayejua kuomboleza vile anajua kuheshimu kazi.

Mimi nimepewa kuandika kibao cha tawi, kwa mkono wangu, kwa sababu hakuna mwenye herufi nzuri kunishinda. Mchana kutwa niko juu ya ngazi naandika FUNDI MSTAAFU kwa rangi ya dhahabu. Bwana Tai amesimama chini, mikono mfukoni, akiuliza kama hiyo ni rangi ya maji au ya mafuta. Nikamwambia ni ya mafuta. Akasema ndivyo alivyodhani.

Mke wangu kaniletea chai pale chini ya ngazi. Kasema anaamini ni mimi niliyeandika yale maneno. Alijua tangu siku ya nailoni, kwa sababu ndivyo nilivyomwambia yeye tulipokuwa tunapaka chumba chetu cha kwanza. Nikamuuliza mbona hakusema mbele ya watu. Akasema alitaka kuona kama nitajifunza lolote kwa yule mzee. Kisha akaomba jambo moja tu, tafadhali, niifunge blogu. Nikaahidi. Alifurahi mno hata nikaona haya.

Jumapili, 17 Machi

Nimeifunga! Ahadi ni ahadi. Kona ya Mtaalamu haipo tena.

Blogu niliyoifungua leo inaitwa Kumbukumbu za Mjane wa Fundi, na si yangu, ni ya mjane. Mama mtaratibu, mcha Mungu, aliyempokeza mumewe brashi miaka yote ya ndoa yao na kusikia siri zote za kazi. Ameandika kwamba marehemu, kabla hajafumba macho, alitamka jina la mwanafunzi aliyempenda kuliko wote, kijana mmoja mchanganya rangi, mkaidi kidogo mdomoni lakini mwenye kipaji, anayefaa kuongoza tawi lolote. Nimesoma nikasisimka mwili mzima. Safari hii sikosei, kila kitu nimekipima!

Bosi kashamwandikia. Anampa pole, kisha anamuuliza kama angekuwa tayari kuja dukani kumshauri Bwana Tai, maana rangi zinamchanganya. Gari litatumwa.

Hilo nitalitatua kesho. Kwanza kuna jambo moja ambalo mjane amesema kuhusu kupaka dari, kwamba uanzie upande wa dirishani, na kwa kweli mama huyu anajifanya anajua sana. Nimejiunga pale kwa jina langu kamili nikamjibu, tena kwa ukali. Huyu hanishindi.