Yah: Moka Yangu ya Kushoto na Ndege wa Kwasengo

Studio ya Picha za Haraka,
Kabuku, Handeni.

Mama Mwenyekiti,
Kamati ya Kutunza Kinamasi cha Kwasengo,
Korogwe.

Nakala: Mke wangu Mwaija (kwa taarifa, asije akasikia kwa watu).

Mama Faudhia, shikamoo.

Kwa masikitiko makubwa natangaza kuzama kwa moka yangu ya mguu wa kushoto, nyeusi, namba tisa, kulikotokea Jumamosi saa nne na robo asubuhi katika kinamasi chenu. Marehemu ameacha mwenzake wa kulia, brashi moja, na kopo la dawa ya viatu ambalo halijafika hata nusu.

Lakini siandiki kwa ajili ya kiatu peke yake. Nimeona kwenye ubao wenu wa matangazo kwamba katika mashindano ya picha za kalenda ya mwakani, ukurasa wa Aprili umekwenda kwa picha iliyopigwa siku hiyo na rafiki yangu Koisaba, na kwamba Jumatatu picha zote zinapelekwa kuchapwa. Naomba hiyo moja isipelekwe.

Mama, unanijua. Mimi ni Mdoe, mpiga picha za pasipoti na vitambulisho, huu mwaka wa ishirini na mbili. Koisaba ni mfugaji wa huko nyikani Handeni. Tulijuana siku alipokuja kupigwa picha ya kitambulisho akakataa katakata kuiacha fimbo yake mlangoni. Tukabishana mpaka adhuhuri, tukawa marafiki. Kiangazi hiki tukakubaliana tuje kutembea kwenye njia zenu na kupiga picha. Yeye alitaka kutembea. Mimi nilitaka kushinda. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ndege wenu hawajafundishwa kukaa. Nilimkuta kulasitara, yule wa kijivu mwenye shingo ndefu, amesimama kwa mguu mmoja kama anayesubiri mwingine urudi kutoka kwa fundi. Nikamwambia kwa adabu maneno ninayomwambia kila mteja: inua kidevu kidogo, angalia hapa, usicheke. Akanigeuzia ubavu. Katika kazi yangu masikio yote mawili lazima yaonekane, Mama. Niliyatafuta masikio ya kiumbe yule kwa dakika ishirini, jua linanichoma utosi, sikuona hata moja.

2. Nyuma ya ndege wenu kuna vurugu. Matete, magugu, ndege wengine wanapitapita. Kwa bahati nilikuja na kitambaa changu cha buluu, kile ambacho nusu ya Kabuku imepigwa picha mbele yake. Nikamwomba Koisaba azunguke akitandaze nyuma ya kulasitara. Badala ya kuzunguka, akaanza kunihoji: "Yero, huyu anavuka mipaka kila mwaka na hakuna anayemsimamisha. Pasipoti ya nini?" Mwishowe alikwenda, akakitundika kitambaa kwenye matete. Kulasitara akaondoka. Vyura nao wakanyamaza, na ukimya wenyewe haukuwa wa heshima.

3. Upendeleo. Koisaba ananukia ng'ombe, jambo ambalo yeye mwenyewe hulisema kwa fahari. Yangeyange, kama unavyojua, humfuata ng'ombe popote kwa ajili ya wadudu anaowafumua. Basi ndege weupe kumi na kitu wakawa wanamfuata Koisaba nyuma nyuma kama bibi harusi, na mimi niliyejipaka marashi wakinipisha njia. Napendekeza kila mpiga picha akabidhiwe ng'ombe mmoja getini, amrudishe jioni. Kama kamati haina ng'ombe, basi Koisaba aogeshwe.

4. Njia ya mbao. Nilikuwa natembea katikati ya mbao zenu, taratibu, kama mtu mzima mwenye mke aliyemnunulia moka za Idd, mara mbao zikanitupa. Mwaija, nakuomba usome aya hii mara mbili: mbao zikanitupa. Moka ikatangulia, mimi nikafuata mpaka kiunoni, halafu nikaanguka kifudifudi, nikainuka nikiwa na rangi moja tu mwili mzima. Hapo yangeyange mmoja akanitazama, akafikiri, akanichukulia kuwa nyati. Akatua kichwani kwangu.

5. Koisaba alikuwa na fimbo ndefu mkononi. Mtu mwingine angeninyooshea. Yeye aliichomeka ardhini, akachomoa simu yake iliyofungwa kwa raba, akaniambia, kwa sauti yangu mimi: "Inua kidevu kidogo. Angalia hapa. Usicheke." Erasto, mwongoza wageni wenu, alikuwepo. Muulizeni. Atawajibu akishamaliza kucheka.

6. Na sasa hiyo picha. Ndege ametulia. Ametazama mbele. Macho yote mawili yanaonekana, na nyuma yake ni buluu tupu, maana kitambaa changu kilikuwa bado kwenye matete. Ni picha ya pasipoti isiyo na dosari, na haikupigwa na mimi. Mimi ndiye kiti. Tangu tangazo lenu lilipobandikwa, wateja wanaingia studio wakiniuliza, "Mzee Mdoe, leo unatupiga pakavu au kwenye tope?"

Kwa hiyo naomba picha iondolewe. Ikishindikana, abaki ndege, mimi nikatwe. Ikishindikana hiyo pia, yangeyange aitwe mbele ya baraza la kata aeleze alipata wapi ruhusa ya kukaa juu ya mtu na familia yake. Na yote yakishindikana, mwakani mruke Aprili. Watu watoke Machi waingie Mei. Mvua zitajua zenyewe pa kunyesha.

Nisalimie wajumbe wote, msalimie Erasto, wasalimie na vyura. Ndimi niliyebaki na kiatu kimoja,

Mdoe.

Baada ya sahihi. Mama, karatasi hii ya pili haimo kwenye nakala ya Mwaija.

Mbao zenu ni nzima. Nilishuka mwenyewe. Studio, mteja akikataa kuinua kidevu, huwa namsogelea na kukiinua kwa kidole. Kulasitara alikuwa amerudi, akatua hatua nne kutoka kwenye mbao. Mkono ulikwenda wenyewe, Mama, na miguu ikaufuata. Na Mwaija alikuwa amenionya kuhusu moka tangu mlangoni.

Koisaba alinivuta kwa fimbo mara tu alipomaliza kupiga. Jioni akaja studio kinyonge, anadhani amenivunjia heshima. "Niifute?" Nikamwambia nitumie kwanza. Alipoondoka nikakaa kuitazama. Miaka ishirini na miwili nimewaambia watu wasicheke, na mimi mwenyewe picha yangu pekee ni ya kitambulisho, nimekunja uso kama ninayedai haki yangu. Katika hii nimecheka mpaka pengo la nyuma linaonekana. Sikujua kwamba nacheka hivyo.

Fomu ya mashindano niliijaza mimi. Jina la Koisaba, namba ya simu yangu. Ulipopiga kumpongeza mshindi ukamsikia mtu anakohoa, nilikuwa mimi. Yeye hajui lolote. Anaogopa hata kuniuliza kama nimeshaifuta. Nataka aione ikiwa ukutani.

Basi, Jumatatu ipelekeni. Msikate kitu. Zile buti za mvua mnazompa mshindi kama zawadi, Koisaba husema hata siku moja hatavaa buti. Mimi navaa namba tisa.

Na moka ikionekana, msinirudishie. Erasto ananiambia imeibuka kidogo, ncha tu, na kila asubuhi kulasitara anakuja kusimama juu yake. Ametulia, anasema. Kidevu juu.